Mgeni Rasmi Naye Alowe

Mwezi Juni mwaka 897, sawa na mwaka 284 Hijria, wapiga mbiu walipita masokoni Baghdad na amri ya Khalifa al-Mu'tadid: usiku wa kuamkia Nairuzi, sikukuu ya mwaka mpya ya asili ya Kiajemi, mtu asiwashe moto, na siku yenyewe mtu asimmwagie mwenzake maji. Kesho yake wakapita tena na amri ile ile. Ilipofika jioni ya Ijumaa mbiu ikageuka. Khalifa ameridhia, washeni mioto yenu, mwagianeni maji yenu. Mwanahistoria Tabari, aliyekuwa akiishi Baghdad wakati huo, anasimulia kwamba watu walivuka mipaka hata askari polisi waliokuwa kwenye kituo chao cha darajani nao wakamwagiwa.

Ningelipa nauli kujua askari wale walifanya nini. Al-Mu'tadid hakuwa mtawala wa mzaha. Alijulikana kwa ukali wa adhabu zake na kwa jinsi alivyoikazania hazina. Miaka miwili kabla ya tukio hilo alikuwa ameisogeza Nairuzi ya kodi hadi Juni 11, kwa sababu kalenda ya zamani ya Kiajemi, yenye siku 365 bila siku ya nyongeza, ilikuwa imeteleza kidogo kidogo hadi wakulima wakawa wanadaiwa kodi nafaka ikiwa bado mbichi shambani. Kwa hiyo siku waliyomwagiana maji watu wa Baghdad ndiyo siku serikali ilipofungua daftari la kodi. Na siku hiyo hiyo anatokea mtu na ndoo, anamlowesha askari wa serikali hiyo, kisha anaenda zake nyumbani kula. Mimi naona utamu wote wa sikukuu za maji uko hapo, na karibu kila kinachoharibika katika sikukuu hizo siku hizi huanza kuharibika hapo hapo.

Sikukuu zenyewe ni nyingi. Thailand wana Songkran, Aprili 13 hadi 15, katikati ya msimu wao wa joto kali. Myanmar wana Thingyan kipindi hicho hicho, na watu wa kabila la Dai wa Yunnan, kusini mwa China, wana yao. Huko Madrid, mtaa wa wafanyakazi uitwao Vallecas umekuwa ukipigana vita vya majini kila Julai tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakazi wakidai kwa utani kwamba mtaa wao, ulio mbali na bahari kuliko karibu mji wowote mkubwa wa Hispania, utangazwe kuwa bandari. Armenia wana Vardavar. Anayezitazama zote hizi kwenye simu huona kitu kimoja tu: vijana, bastola za plastiki, fulana zilizogandamana na mwili. Kinachostahili kutazamwa, kwa maoni yangu, ni mwelekeo wa maji. Yanatoka kwa nani yakienda kwa nani? Mtoto anamlowesha mtu mzima, au mtu mzima anamlowesha mtoto? Raia anamlowesha polisi, au kinyume chake?

Kabla sijafika huko kuna lawama ya kuiondoa njiani, maana msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anayo tayari mdomoni. Mtu anayenunua maji ya boza, anayelala na madumu yamepangwa koridoni akisubiri zamu ya mtaa wake kwenye mgao, hawezi kutazama ndoo ikimwagwa barabarani bila kupiga hesabu. Wala si sisi peke yetu. Mwaka 2022, Korea Kusini ikiwa na ukame, msanii PSY alisema kwenye televisheni kwamba onyesho lake moja la kiangazi hutumia takriban tani 300 za maji, tena ya kunywa. Hizo ni lita 300,000, yaani madumu 15,000 ya lita ishirini. Mwigizaji Lee El naye akaandika mtandaoni kwamba tani 300 za tamasha la Waterbomb heri zingemwagwa kwenye mto Soyang. Wakorea wakagawanyika: wapo waliomuunga mkono, na wapo waliompinga.

Mimi niko upande wa mwigizaji, ila si kwa sababu ya madumu. Katika maonyesho ya namna ile umenunua tiketi, umepewa koti la plastiki, na mitambo iliyofungwa jukwaani inakupiga maji kwa saa uliyotangaziwa. Wewe humloweshi mtu yeyote wa maana. Kampuni inakulowesha, halafu inakushukuru kwa kununua. Hilo ni bafu la pamoja lenye muziki. Mtoto mwenye ndoo kwenye bomba la mtaani hawezi kufikia kiwango cha maji kinachopotea kwenye mabomba yaliyopasuka ya jiji lolote tunalolijua, na bado hicho anachokimwaga kina kazi.

Kazi hiyo niliiona vizuri Yerevan, mji mkuu wa Armenia.

Mji ule uko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, lakini mwinuko huo haumsaidii mtu mwezi Julai. Joto lake ni kavu, nyuzi 35 ni jambo la kawaida, na mawe ya waridi yaliyojengea majengo ya katikati ya jiji hutunza jua mpaka usiku. Vardavar huangukia Jumapili ya 14 baada ya Pasaka, kwa hiyo huwa ama mwisho wa Juni, ama Julai, ama siku ya kwanza kabisa ya Agosti. Kwa Kanisa la Mitume la Armenia ni siku ya Kung'ara kwa Bwana, na asubuhi kuna misa ya heshima. Lakini hata Mwarmenia mshika dini atakuambia bila aibu kwamba maji yalikuwepo kabla ya misa: yalikuwa ya Astghik, mungu wa kike wa mapenzi na maji, enzi ambazo Armenia haijawa dola ya Kikristo, yaani kabla ya karne ya 4. Kanisa halikuifuta sikukuu. Liliibatiza, na kwa kuwa ubatizo wenyewe ni wa maji, hakuna aliyeona ajabu.

Silaha za vita zimekwisha kuwekwa mtaani mwaka mzima. Kila baada ya hatua chache Yerevan kuna pulpulaki, kibomba kifupi cha jiwe kinachorusha maji baridi ya kunywa juu, mchana na usiku, vingi havina hata koki. Vingi pia vimejengwa na familia kwa kumbukumbu ya marehemu wao, kama kwetu mtu anavyomchimbia mzazi kisima kiwe sadaka ya kudumu. Kwa siku 364 kibomba hicho ni cha kumnywesha mpita njia. Siku moja iliyobaki kinageuka kuwa ngome. Watoto wanakizunguka na ndoo, makopo, chupa zilizotobolewa kizibo, mifuko ya plastiki, na yeyote anayekatiza barabara ni wao.

Hakuna kuomba radhi na hakuna kuomba kuachwa. Nilimwona mama aliyetoka kanisani na nywele zimetengenezwa, akajaribu kumkazia mtoto macho ya kimama, yale ya kumfanya mtoto wa mtu mwingine arudi nyuma. Hayakufanya kazi. Nilimwona bwana mwenye shati lililonyooshwa akishuka kwenye teksi, akatazama kushoto, akatazama kulia, akasahau kutazama juu. Juu ndiko kwenye hatari yenyewe. Vijana wa chini wana haraka na wengi wao hukosa shabaha, lakini bibi wa ghorofa ya tatu ana beseni, ana subira, na anakuacha ufike sawasawa chini ya roshani yake. Nilikuwa nimevaa viatu vya ngozi, jambo ambalo mwenyeji wangu aliliona asubuhi na akaamua kulinyamazia. Naye nilimlowesha baadaye, kwa haki.

Mchana, karibu na Uwanja wa Jamhuri, alisimama askari wa zamu na sare kamili. Msichana mdogo, wa darasa la pili au la tatu hivi, akamkaribia na ndoo iliyokuwa ikimgonga magotini. Akasimama. Wakatazamana. Ile nusu dakika, kila aliyekuwa pale aliacha alichokuwa akifanya. Askari akavua kofia, akaikwapa isilowe, kisha akainamisha kichwa kwa sababu mtoto asingemfikia. Akamwagiwa yote. Umati ukapiga kelele, na yeye akavaa kofia yake kavu juu ya kichwa kinachochuruzika, akaendelea na zamu.

Nchi nyingine askari huyo angeonekana mwenye tabia njema, basi. Yerevan kuna zaidi ya hapo. Alfajiri ya Juni 23 mwaka 2015 polisi wa mji huo huo walitumia magari ya kurusha maji kuwatawanya vijana waliokuwa wamekaa kwenye barabara ya Baghramyan kupinga kupanda kwa bei ya umeme. Zaidi ya watu 200 walikamatwa. Vijana wakarudi siku ile ile, wengi zaidi, wakaikalia barabara hadi Julai 6 polisi walipowaondoa. Jumapili iliyofuata, Julai 12, ilikuwa Vardavar. Mji mmoja, kiangazi kimoja, na katika muda usiofika wiki tatu maji yamepita barabarani mara mbili: kwanza kutoka kwa dola kwenda kwa raia, kisha kutoka kwa raia kwenda kwa kila mtu, dola ikiwemo. Siku kama hiyo haimwondoi waziri wala haishushi bei ya umeme. Inachofanya ni kuwakumbusha wote wawili, mwenye sare na asiye nayo, kwamba sare ni nguo, na nguo hulowa.

Sisi, kwa bahati mbaya, aina ya kwanza tunaifahamu mno. Mwulize mtu wa Dar es Salaam lini mara ya mwisho umati ulimwagiwa maji hadharani. Hatakutajia sherehe, atakutajia gari la washawasha. Maji yale yana rangi, yana mwasho, na yana mwelekeo mmoja. Nairobi nako wanayajua. Nchi zetu zina maji ya kushuka tu, hazina siku ya maji ya kupanda, na hilo linaeleza mengi kuhusu namna tunavyoelewana na wenye mamlaka.

Nimekosea kidogo kusema hatuna, tuna kijisikukuu kimoja, nacho kimeenea bila kuhimizwa na wizara yoyote: kumwagia mtu maji siku ya bethidei yake. Hosteli zote zinakijua, shule za bweni zinakijua, ofisi za mjini zinakijua. Unaamka umesahau umezaliwa lini, unatoka bafuni umevaa vizuri, na wenzako wamejipanga nje ya mlango na ndoo. Wengine huongeza unga wa ngano na mayai, jambo ambalo mimi sitalitetea. Lakini kitazame kijisikukuu hicho ofisini, uone kinavyokwama. Mhudumu anamwagiwa. Mhasibu anamwagiwa, kompyuta zikiwa zimefunikwa. Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo anamwagiwa mara mbili. Meneja? Meneja hukatiwa keki. Ndoo imepanda ngazi zote mpaka mlango wa mwenye kiyoyozi, hapo ikawekwa chini, na watu wakaimba wakishika vikombe vya soda.

Niliwahi kuwepo mahali ndoo hiyo ilipovuka mlango. Aliyeivusha alikuwa dereva wa bosi, mtu wa miaka mingi, na nadhani hakuna mwingine ambaye angethubutu. Maji yakamshuka bosi toka utosini hadi kwenye tai. Ofisi nzima ilinyamaza, watu wakimsoma uso, mpaka alipocheka. Ndipo tukacheka sisi, kwa nguvu kuliko kichekesho chenyewe kilivyostahili. Kimya kile ndicho kilichokosekana kwenye onyesho la tiketi. Bila uwezekano wa mkubwa kukasirika, kumlowesha hakuna maana.

Sasa nije Bangkok, ambako hoja yangu inapata taabu.

Songkran haikuanza kama vita. Bado hadi leo asubuhi ya sikukuu watu huenda hekaluni kumwagia sanamu za Buddha maji yenye manukato, kisha huwamwagia wazee wao maji kidogo mikononi, taratibu, wakiomba baraka na radhi kwa makosa ya mwaka. Hapo maji yanapanda kwa adabu. Mchana yanapanda na kushuka ovyo: barabara ya Silom, mtaa wa Khao San, kingo za handaki la maji linalouzunguka mji mkongwe wa Chiang Mai, kote ni mapipa yenye mabarafu, mabomba ya mipira, na chokaa nyeupe iliyokorogwa na maji, ya kumpaka mtu mashavuni. Desemba 2023 UNESCO iliiingiza Songkran katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na serikali ya Thailand, iliyonusa fedha za watalii, ikatangaza kwamba Songkran ya 2024 itakuwa ya siku 21. Siku tatu za ruhusa ni sikukuu. Siku 21 ni msimu wa biashara.

Lakini biashara ndilo tatizo dogo. Kila mwaka mamlaka za Thailand huhesabu kile wanachokiita siku saba za hatari, na katika siku hizo watu zaidi ya 200 hufa barabarani, wengi wao wakiwa kwenye pikipiki, mwendo kasi na ulevi vikiongoza kwa sababu. Ukimrushia ndoo mtu aliye juu ya pikipiki inayokwenda, humfundishi unyenyekevu, unampofusha. Halafu kuna wanawake. Mwaka 2018 viongozi waliwashauri wanawake wavae kwa staha ili wasishikwe shikwe kwenye vurugu za maji. Mwanamitindo Cindy Sirinya Bishop akajibu kwa kampeni iliyosema kwa ufupi: msiniambie nivae nini, waambieni wanaume wazuie mikono yao. Alikuwa sahihi, na jibu lake linaitoboa sifa ninayoimwagia sikukuu hizi. Kanuni ya kwamba hakuna kukataa, ile ile iliyomfanya askari wa Yerevan ainame, ndiyo inayompa genge la wanaume kisingizio cha kumzunguka msichana mmoja mwenye fulana nyeupe.

Wapo wanaosema basi kila anayetaka kumwagiwa avae utepe, au akae ndani ya uzio, na wasiotaka wapite nje. Naelewa nia yao, lakini wameua kitu chenyewe. Waziri hatavaa utepe. Kwa mtazamo wangu kukataa lazima kuruhusiwe kwa walio dhaifu na kunyimwe kwa walio na nguvu, na watu wa mitaani wanajua kutofautisha wakiachwa wajue. Yerevan watoto waliokuwa wakali kama nyuki walimwacha mwanamke aliyebeba kichanga apite, bila kuambiwa na mtu. Songkran ya zamani, ya vijiji ambavyo kila mtu anamjua mwenzake, ilikuwa na breki za namna hiyo. Breki hizo hukatika pale mtaa unapojaa wageni waliokuja kwa ndege, kila mmoja na bunduki ya maji ya mgongoni, wasiomjua mtu na wasiotarajia kukutana na yeyote tena. Ukitaka kuona maji yakishuka, mtazame mtalii mwenye mwili wa mchezaji wa mpira wa vikapu akimlowesha mama muuza tambi aliye kazini. Mama anatabasamu. Ana biashara ya kulinda, atafanya nini?

Myanmar, kwa upande mwingine, inanirudishia imani. Thingyan ya Waburma ilikuwa na maji na ulimi. Makundi ya vijana yalipita jukwaa hadi jukwaa na thangyat, kejeli za kupokezana zinazosindikizwa na ngoma, jamaa wa ngonjera zetu, wakiwasema wenye vyeo, wala rushwa na majenerali. Baada ya maandamano makubwa ya 1988 jeshi lilizipiga marufuku kwa zaidi ya miaka ishirini, zikarejea hadharani 2013. Mwaka 2019 vijana wa kikundi cha Peacock Generation wakaigiza wakiwa na mavazi ya kijeshi, wakalitania jeshi, wakarusha mtandaoni, wakafungwa. Februari 2021 jeshi likapindua serikali. Aprili ikaja na joto lake, lakini watu wengi walisusa: hakuna kumwagiana maji na wauaji wa watoto wetu. Miaka iliyofuata jeshi likajenga majukwaa yake, likaweka muziki na ulinzi, likawataka watu waje wafurahi.

Hebu litazameni hilo vizuri. Dola iliyowafunga vijana kwa kejeli inawabembeleza raia waje kulowa, maana imegundua kwamba sikukuu tupu ni kura ya hapana isiyohitaji karatasi. Wenye nguvu wanazihitaji siku hizi kuliko tunavyodhani. Kairo ya zama za Wamamluki nayo ilikuwa na Nairuzi ya kiangazi: mtu wa mitaani anatawazwa kuwa Amiri wa Nairuzi, anapandishwa punda, anapita kwenye milango ya wakubwa akidai kodi ya mzaha, na anayekutwa njiani hunyunyiziwa maji, mara nyingi si masafi. Sultani Barquq aliifuta mwishoni mwa karne ya 14. Al-Mu'tadid wa Baghdad alifuta akafikiri upya. Siwezi kusema ni nani kati yao alitawala vizuri zaidi, ila najua ni yupi ningependa kuishi chini yake mwezi Juni.

Nairuzi hiyo hiyo ndiyo iliyofika kwetu. Kalenda ya mwaka wa pwani, ya siku 365 bila nyongeza, ni ya ukoo wa ile iliyomsumbua al-Mu'tadid, na ndiyo maana siku ya mwaka inarudi nyuma siku moja kila baada ya miaka minne; siku hizi inaangukia Julai. Mombasa, Lamu, Pemba, Tumbatu, wazee walikoga mwaka baharini kabla jua halijachomoza. Makunduchi, kusini mwa Unguja, ndiko ilikobaki na nguvu: wanaume wanachapana kwa mapande ya migomba mpaka kinyongo cha mwaka kiishe, kibanda cha makuti kinateketezwa, na wanawake waliovaa wakapendeza wanawaimbia wanaume nyimbo ambazo siku nyingine wangeitiwa wazee. Maji hayamwagwi kwa ndoo kule, lakini ruhusa ni ile ile. Aliye chini amepewa siku yake.

Na sisi tumeifanyaje siku hiyo? Tumeiwekea hema. Chini ya hema viti, mbele ya viti meza yenye kitambaa na chupa za maji yasiyomwagwa, na nyuma ya meza mgeni rasmi akingoja kuzungumzia fursa za utalii. Migomba inachapwa uwanjani, kwenye jua. Sina ugomvi na serikali kuja Makunduchi. Nina ugomvi na mahali inapokaa. Mzee wa kijiji ambaye kijana wake alichapwa na kijana wa jirani yuko ndani ya jambo. Mkubwa aliye kivulini analitazama tu, na jambo lililofanywa kwa ajili ya kutazamwa na mkubwa tayari limekuwa gwaride.

Kila anayerudi kutoka Bangkok na video huuliza kwa nini Dar au Mombasa zisiwe na tamasha la maji, na mimi naliona likija. Litakuwa na kamati na udhamini wa kampuni ya simu, fulana za bure kwa waliosajili laini, msanii wa bongofleva, na gari la zimamoto likiinyunyizia hadhira kutoka juu huku mshereheshaji akiuliza kama tuko tayari. Taarifa itapelekwa polisi saa 48 kabla kama sheria ya Tanzania inavyotaka, au siku tatu kabla kwa Kenya, na polisi watakuja kusimama kavu pembeni. Kama lazima liwepo, basi nipewe nafasi kwenye kamati, hata ya kuandika kumbukumbu. Nitapendekeza gari la zimamoto libaki kituoni, hema lisikodiwe, watoto wa shule za msingi waingie bure na ndoo zao, na mgeni rasmi atakapofika apewe kopo, aelekezwe foleni ya bombani inapoishia.